Mtu wa Nne Akitoka, Gemu Limekwisha

Dodoma upepo ni ule ule, vumbi ni lile lile, na walioanika nguo nje jana wanajua ninachosema. Leo siandiki habari za test wala foleni ya maji. Leo ni gemu. Wale wa "gemu ni za watoto" nendeni mkale ubuyu, tutaonana wiki ijayo... teh teh teh.

Swali lenyewe ni hili. Gemu la kupiga risasi mtandaoni likishatoka, watu wakalipakua, wakapagawa nalo mwezi wa kwanza, ni kitu gani kinawafanya wawe bado wapo mwezi wa sita? Ukiuliza hapa chuoni unajibiwa fasta: bunduki mpya, ramani mpya, skini mpya, msimu mpya. Yaani wasipotuletea kitu kipya tunachoka, tunafuta. Na inaonekana watengenezaji wengi nao wanaamini hivyo hivyo, maana haupiti muda simu inakwambia kuna kitu kinashuka.

Mimi nabisha. Nasema gemu za aina hii zinabebwa na mtu mmoja ambaye hakuna anayemhesabu, mtu wa nne kwenye skwadi.

Mnamjua. Skwadi ni watu wanne. Wa kwanza ana simu kali, aliletewa na bro wake wa Dar. Wa pili na wa tatu wana simu za kawaida, zinapeleka. Wa nne ana simu yenye kioo kilichopasuka, RAM GB 2, memori imejaa pdf za lekcha na picha za mahafali ya dada yake. Anacheza na bando la usiku. Hampigi mtu vizuri, kusema ukweli, lakini ndiye mwenye maneno. Akifa mapema anaanza kutangaza mechi kama yuko uwanja wa Jamhuri, na nyie mliobaki hai mnashindwa kulenga kwa kucheka.

Skwadi ya hosteli yetu ilikuwa hivyo. Gemu lenyewe silitaji jina, sitaki kesi. Mwezi mmoja ilikuja apdeti ya karibu GB 2. Mtu wa nne akafuta video, akaazima bando, akapakua usiku kucha, akarudi. Mwezi uliofuata ikaja nyingine kubwa vile vile. Simu ikamwambia nafasi haitoshi. Akasema, "Nyie chezeni tu, mimi nasoma." Tukacheza na mtu aliyeletwa na serva, hatujui anatoka wapi, hana maiki, anakimbia peke yake kama anafukuzwa na nyuki. Baada ya wiki mbili wa tatu naye akawa "nina asaimenti". Haukupita mwezi na nusu, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa analifungua. Na ile apdeti ilikuwa na ramani nzuri kweli, nyasi zinayumba, mvua inanyesha! Hakuna aliyeachana na gemu kwa kulichoka. Tuliachana nalo kwa sababu lilikuwa limebaki bila maneno.

Kuna kitu wengi hawakijui. Mechi yenyewe hailambi bando. Gemu likishakuwa ndani ya simu, kinachopita hewani ni taarifa ndogo ndogo tu: fulani yuko hapa, anaangalia kule, amefyatua risasi. Saa nzima ya kucheza mara nyingi ni makumi ya MB. Kipande cha video unachotumiwa kwenye grupu la darasa kinaweza kula kuliko mechi mbili. Kinachomtoa mtu mchezoni ni apdeti, zile ramani na nguo na sauti zinazoshushwa kwa GB. Kwa hiyo kile kinacholetwa ili tusichoke ndicho kinachomfungia mlango mtu wa nne. Halafu ofisini kwao wanaona namba ya wachezaji inashuka, wanasema "wamechoka, ongezeni ramani". Duh.

Mtu ataniambia, sasa bila kitu kipya si watu watalala? Haya, tuangalie. Counter-Strike ilianza 1999, vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, walilitengeneza kwa kubadilisha gemu la watu wengine, Half-Life. Le alikuwa bado yuko chuo kama sisi. Mwaka 2001 Dave Johnston akatoa ramani inayoitwa Dust II. Majengo ya rangi ya mchanga, jua kali, vumbi... ukiiona unaweza kudhani ni njia ya kwenda Ng'ong'ona mwezi wa tisa. Ramani hiyo inachezwa mpaka kwenye Counter-Strike 2 iliyotoka 2023. Imepakwa rangi upya mara kadhaa, lakini kona ni zile zile. Walioanza kuicheza wakiwa sekondari sasa wana watoto sekondari.

Fortnite nao, ambao ndio mabingwa wa kubadilisha kila kitu (Oktoba 2019 waliimeza ramani nzima kwenye shimo jeusi, watu wakakaa karibu siku mbili wanaangalia duara), mwaka 2023 waliamua kuirudisha ramani ya zamani. Novemba hiyo wakatangaza wamepata wachezaji milioni 44.7 kwa siku moja. Kwa ramani ya zamani! Watu walirudi kutafuta mahali walipokuwa na wenzao.

Na tusiende mbali hivyo. Bao. Ubao wa mashimo 32, kete 64, unaanza na kete 22 mkononi za kunamua, zikiisha mnaingia mtaji. Hakuna msimu, hakuna skini, hakuna aliyewahi kuongezewa shimo la tatu upande wa kulia. Lakini pita Zanzibar jioni uone wazee wanavyogombana. Au drafti hapa hapa mjini, vizibo vya soda juu ya kipande cha boksi, wachezaji wawili na washauri kumi na moja. Hao washauri ndio gemu lenyewe. Waondoe uone kama wale wawili watakaa mpaka saa moja.

Najua tofauti, msinirukie. Bao halina serva ya kulipia umeme. Gemu la mtandaoni lina mishahara, lina wezi wa kuzuiwa, lina mitambo isiyozimwa, na kama linapakuliwa bure basi pesa lazima itoke kwenye skini na vipasi vya msimu. Hilo nakubali. Lakini hebu tuifuate hiyo hoja ya pesa mpaka mwisho. Anayenunua skini ananunua ili iweje? Risasi yake haiumi zaidi (na kama inauma zaidi, hilo ni gemu la kufuta leo leo). Ananunua ili aonekane. Aonekane na nani? Na sisi tusionunua! Mshkaji mwenye suti ya dhahabu akiwa peke yake kwenye lobi ni kama kuvaa suti ya harusi ukiwa chumbani umejifungia. Kwa hiyo mtu wa nne ambaye hajawahi kulipa hata mia si mzigo kwa kampuni. Ndiye hadhira. Akitoka yeye, bidhaa ya anayelipa inashuka thamani.

Ushahidi wa lobi tupu upo. Agosti 23, 2024 Sony walitoa Concord, gemu la kupiga risasi la bei ya dola 40. Picha safi, kazi ya miaka mingi. Kwenye Steam idadi kubwa kabisa ya waliowahi kulicheza kwa wakati mmoja ilikuwa 697. Hapo ni kama kozi moja ya first year kwenye ukumbi mmoja. Septemba 6 likafungwa, watu wakarudishiwa pesa. Siku kumi na nne. Hata boom huwa inakaa zaidi ya hapo... kwa baadhi yetu. Apex Legends Mobile ilipewa na Apple tuzo ya gemu bora la iPhone la mwaka 2022, na Mei 1, 2023 ikazimwa, haijatimiza hata mwaka. Tuzo haijazi lobi.

Sasa wapo waliomfikiria mtu wa nne, hata kama walimfikiria kwa faida yao. Free Fire ya Garena, kampuni ya Singapore, ilitoka 2017 ikiwa nyepesi makusudi, ndiyo maana ukipita kwenye vibaraza vya Dodoma ukasikia vijana wanapigiana kelele kuna uwezekano mkubwa ni hiyo. Mwaka 2021 walipotaka picha nzuri zaidi hawakuwalazimisha wote wapakue mzigo mkubwa. Walitoa Free Fire MAX pembeni, na wakahakikisha wa MAX na wa kawaida wanaingia mechi moja, akaunti ile ile. Mwenye simu ya bro wa Dar anaona mawimbi yanang'aa, mwenye kioo kilichopasuka anaona bluu tu, lakini wako kwenye boti moja. Kwangu mimi huo ndio uamuzi bora wa kubakiza wachezaji niliowahi kuuona, na hauna bunduki mpya hata moja ndani yake.

Linganisha na PUBG Mobile Lite ya 2019. Nayo ilikuwa kwa ajili ya simu dhaifu, wazo zuri. Ila ilikuwa nyumba nyingine kabisa. Wa Lite hachezi na wa PUBG Mobile kubwa. Maana yake mtu wa nne wanamwambia, karibu, ila utakaa kwenye meza ya watoto, wenzako wako ndani.

Ugomvi wangu wa pili ni na hizi mbinu za kutubakiza kwa hofu. Ingia kila siku upate zawadi, ukikosa siku moja mlolongo umekatika. Msimu ukiisha ranki inashushwa, panda tena. Pasi umenunua lakini usipomaliza ngazi zote kabla ya tarehe fulani, imekula kwako. Watu wanafungua gemu kama wanaosaini atendansi ya lekcha ya saa moja asubuhi: wapo, lakini hawapo. Sisi hapa tuna kalenda yetu. UE ikifika, kuna wiki tatu ambazo mtu mwenye akili anatakiwa aweke simu kabatini. Gemu linalomwadhibu kwa hizo wiki tatu linamwambia achague, na nimeona wenzetu walivyochagua. Mmoja aliamka saa tisa usiku kumalizia misheni za msimu, saa mbili asubuhi ana pepa la kalkulasi. Alisapu. Simlaumu gemu peke yake, mikono ni yake. Lakini aliyepanga tarehe ile ya mwisho na saa inayohesabu kurudi nyuma kwa wekundu alijua anachofanya.

Na kibiashara nayo ni ujinga, maana mtu aliyebanwa hivyo akitoka anatoka moja kwa moja. Anahisi amefunguliwa. Wakati aliyeondoka kwa amani atarudi likizo. Helldivers 2, lililotoka Februari 2024, lilifanya jambo la kiungwana hapa: vitabu vyao vya zawadi haviishi muda. Ukinunua leo, malizia mwakani.

Lakini hao hao Helldivers 2 ndio wakatuonyesha mlango wa mtu wa nne unavyoweza kufungwa na watu ambao hawakukufikiria kabisa. Mwanzoni mwa Mei 2024 Sony walisema wachezaji wa kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation Network. Sawa, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba Afrika nzima nchi iliyokuwa kwenye orodha ya huduma hiyo ilikuwa Afrika Kusini tu. Tanzania hatumo, Kenya hawamo, Uganda hawamo. Gemu likaondolewa sokoni kwenye Steam katika nchi na maeneo zaidi ya 170, wakiwemo waliokuwa wameshalipa na wanacheza. Wachezaji wa dunia nzima wakachachamaa, hata wale ambao nchi zao zilikuwa na huduma, na ndani ya siku chache Sony wakarudi nyuma kuhusu hilo sharti la akaunti. Kilichonigusa ni wale wa Ulaya na Marekani waliogoma ilhali wao hawakuguswa. Walikuwa wanamtetea mtu wa nne wao. Kuna jamaa mahali fulani anayecheza nao kila Jumamosi, hawajui hata sura yake, na wamesikia anatolewa.

Halafu kuna umbali. Hili watu wa CIVE mtanisahihisha kwenye desimali ila msingi uko hivi: taarifa ndani ya nyaya za mwanga inakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za waya zinaongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Kutoka hapa mpaka Dar ni kama kilomita 450, milisekunde nne na nusu, hakuna anayezihisi. Lakini serva ikiwa Ulaya, waya unapita baharini kilomita kama 10,000, na hapo ni milisekunde 100 kabla hujahesabu mitambo ya njiani na mnara wa simu unaogombaniwa na bloku nzima. Ndiyo maana unajificha nyuma ya ukuta, umeshajificha kabisa, halafu unakufa. Kwenye simu ya aliyekupiga ulikuwa bado hujafika ukutani. Wote wawili mko sahihi, na hilo ndilo linaudhi zaidi!

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi yetu ikiwa miongoni mwa zilizoumia sana, mtu yeyote aliyekuwa anacheza siku zile alijifunza jiografia ya Bahari ya Hindi bila kulipa ada. Ila siku za kawaida ndizo zinazopunguza watu, polepole, bila habari kwenye gazeti. Mtu anapoteza mapambano ambayo alishinda, kila siku mawili matatu, mpaka anaamini yeye hajui. Anasema "gemu hili si langu" na kuondoka. Hakuna ramani mpya inayotibu hilo. Serva Nairobi au Dar ingetibu, na angalau kuwapanga wa mbali na wa mbali wenzao kungepunguza maumivu.

Wanaonielewa, nadhani, ni Ubisoft wa mwaka 2017. Rainbow Six Siege ilitoka Desemba 2015 ikiwa na kasoro kibao. Badala ya kumwaga wahusika wapya msimu mzima, walitangaza Operation Health, msimu wa kurekebisha tu: serva, kuunganishwa kwa mechi, makosa. Kelele zilikuwa nyingi, watu walitaka vitu vipya. Gemu bado lipo. (Na miaka miwili baadaye wakaleta mhusika Mkenya, Wamai, jina lake la mwisho Furaha. Nilifurahi kama mjinga. Kwa hiyo sisemi vitu vipya ni vibaya, nasema vina zamu yake.)

Kwa nini nayaandika haya yote wakati kuna ripoti sijagusa? Kwa sababu kuna kundi la finalist hapa wanaandaa projekti ya gemu la kupiga risasi, timu mbili, linachezwa kwa waifai ya karibu bila intaneti, sauti za Kiswahili. Nimeliona, linapendeza. Juzi walikuwa wanabishana waongeze ramani ngapi kabla ya kuwasilisha, mmoja anataka sita. Nimewaambia wabaki na mbili, na muda wa hizo nne wautumie kuhakikisha gemu zima halizidi MB 150, linaweza kurushwa kutoka simu hadi simu, na mtu mwenye toleo la mwezi uliopita bado anaweza kuingia mechi na mwenye la leo. Na aliyekufa mapema abaki na maiki yake wazi ili atangaze. Hili la mwisho walicheka, wakadhani natania.

Wanatafuta watu wa kulijaribu Alhamisi jioni, baada ya saa kumi na mbili, chini ya ile miti nyuma ya kafteria. Wana simu kali za kutosha. Wanataka wenye simu mbovu.